Kichumba Chenye Nyota

Umewahi kumwonea wivu mtu usiyemjua, kwa sababu tu mkeo amecheka?

Usikimbilie kusema hapana. Mimi sijaoa, kwa hiyo sina cha kujitetea wala cha kujisifia, lakini nimeishi karibu na mgonjwa wa maradhi hayo kiasi kwamba naweza kuyaeleza kama daktari. Mgonjwa mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Mtaani wanamwita Rula, kwa sababu ya rula ya chuma ambayo haitoki kwenye mfuko wa shati lake, na kwa sababu ya mwendo wake: wima, bila kupinda, utadhani kapigiwa mstari.

Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Ofisi iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi: ngazi za nje, mlango wa bluu, meza moja kubwa na feni inayolalamika. Mtu anakuja na kiwanja chake na ndoto zake, Rula anampa karatasi yenye vyumba. Katika hilo hana mpinzani. Lakini nyumba zake zina alama ambayo mafundi ujenzi wote wanaijua: dirisha la chumba cha kulala halitazami barabara hata siku moja. Litatazama ukuta, litatazama tangi la maji, litatazama choo cha jirani.

"Mteja anataka upepo," fundi atamwambia.

"Upepo unaruka ukuta," Rula atajibu. "Macho hayaruki."

Siku ya harusi yao alimnunia mpiga picha kwa sababu alimwambia bibi harusi atabasamu. "Yeye ni nani wa kumwambia mke wangu atabasamu?" aliniuliza pembeni, jasho likimtoka. Ndiyo maana katika picha zote za siku ile dada anacheka, na bwana harusi amekaza taya kama mtu anayeng'olewa jino. Baadaye dada alipotaka kushona gauni, Rula hakukubali apimwe na fundi cherehani. Alimpima mwenyewe, kwa rula ya chuma, akapeleka vipimo. Gauni lilitoka na pembe nne. Dada alilivaa hivyohivyo, akatembea nalo mtaa mzima, na kila aliyemuuliza akamjibu, "Hili kachora mume wangu."

Mimi mambo haya yananichoma. Nimesoma, na nilichokisoma nakiamini: wivu si kipimo cha mapenzi, ni umiliki uliovaa shati la mapenzi. Nilimwambia hivyo siku moja tukiwa mezani. Rula akaweka kijiko chini.

"Oa kwanza, shemeji, ndipo unihubirie. Asiyefuga hajui uchungu wa kuibiwa."

"Hapo ndipo unapokosea. Dada yangu hafugwi."

"Haya, kuleni chakula kabla hakijapoa," dada akasema. "Mimi nitajifuga mwenyewe."

Ili uelewe kilichotokea, lazima nikueleze kazi ya dada. Anasoma vitabu kwa sauti. Kuna shule ya wanafunzi wasioona upande wa pili wa mji, na vitabu vyao vya masomo vinahitaji mtu wa kuvisoma, kuvirekodi na kuvisafisha makosa. Dada anarekodi nyumbani, chumbani, madirisha yamefungwa na blanketi limening'inizwa mlangoni. Kompyuta ndani ya nyumba ni moja, ya kupakata, na mimi ndiye niliyewagawia. Diski niliikata vipande viwili vikubwa: upande wa Rula una Windows, kwa sababu programu zake za kuchorea haziendi bila hiyo, upande wa dada una mfumo mwingine, Linux, kwa ajili ya kurekodia. Ukiiwasha, inakuuliza unataka kuingia upande upi. Kila mmoja ana neno lake la siri. Nilipomaliza kazi ile nilijiona nimejenga ndoa ya kisasa.

Kumbe nilikuwa nimempa Rula ukuta mpya wa kuutazama.

Kwa sababu dada akisafisha sauti huvaa vipokea sauti masikioni, na mara kwa mara hucheka peke yake. Rula huwa jikoni, anachemsha tangawizi. Hilo nalo ulijue: hiyo sauti inayomnyima usingizi ndiyo anayoitunza. Kila jioni anamchemshia mkewe maji ya tangawizi ili koo lisikauke. Analeta kikombe, anasimama nyuma ya kiti.

"Unacheka nini?"

"Nimepiga chafya katikati ya figo."

"Figo ya nani?"

"Ya kitabu, mume wangu. Sura ya figo."

Rula hurudi jikoni, lakini uso unabaki palepale. Halafu simu italia, na atakuwa mwalimu wa shule ile anayepokea kazi za dada, mwanamume mwenye sauti nzito ya mtu aliyekula akashiba. Hapo Rula huosha kikombe kimoja mpaka mpini unakaribia kung'oka. Siku moja alimuuliza dada, mbele yangu, kama neno la siri la upande wa dada linafanana na lake yeye Rula. Dada aliacha alichokuwa akifanya. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, kama anayemtuliza mtoto mwenye homa.

"Nakupenda na vurugu zako zote," alisema. "Lakini siku utakayopekua upande wangu, mume wangu, siku hiyo utanikuta kwa mama."

Na dada si mtu wa kutishia nyau. Akisema kitu, amekwisha kukifanya, kinachosubiriwa ni tarehe tu.

Basi, Alhamisi moja mchana simu yangu ikaita. Ni Rula. Hakunisalimu.

"Shemeji, njoo na zile flashi zako. Umeme umefanya mambo."

Nilimkuta sebuleni. Kompyuta iko mezani, yeye kakaa mbali nayo kama mtu aliyeachiwa maiti ailinde. Kioo kilikuwa cheusi, na juu yake mstari mmoja mweupe unaosema hakuna kifaa cha kuwashia, tafadhali weka kifaa kisha bonyeza kitufe chochote. Kwa jinsi nilivyomwona, Rula alikuwa amebonyeza vyote.

"Sauti za dada zimo humu?"

"Zimo." Akajifuta uso. "Sura za mwanzo ziko shuleni, ndizo anazowasikilizisha wanafunzi leo. Nyingine zote zimo humu. Kesho asubuhi anazipeleka, wiki ijayo wana mitihani. Shemeji, zikipotea hizo…"

Hakumalizia. Sote wawili tulijua sentensi ile inaishia kwa mama.

Nilichomeka flashi yenye Linux nzima ndani yake, ile inayoweza kuamsha kompyuta bila kuitegemea diski, nikafungua picha ya diski. Ni ubao mrefu uliokatwa vipande. Kipande cha Rula kilikuwepo. Cha dada kilikuwepo. Lakini mwanzoni kabisa, kabla ya vyote viwili, palikuwa na pengo dogo, jeupe, lenye kingo safi.

"Umeme haukati hivi," nilisema. "Umeme ukiharibu, unaharibu kama mlevi. Hapa pamekatwa na mtu mwenye rula."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo bati.

"Nafasi iliniishia," alisema hatimaye. "Ramani za wateja zimejaa, nikataka kujiongezea kidogo. Nikachukua programu mtandaoni, ya kupanga diski. Ikanionyesha ramani." Hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazini. "Chumba changu, kina herufi. Chumba cha dada yako, hakina herufi, kimewekewa nyota. Halafu hapa mbele, kichumba kidogo. Hakina jina. Nacho kina nyota, sawasawa na cha kwake. Shemeji, mimi maisha yangu yote nimechora nyumba. Kila chumba kinaandikwa jina: jiko, stoo, choo. Mteja akikuambia hiki kiache bila jina, ujue kuna mtu atafichwa humo."

"Kwa hiyo?"

"Nikajaribu kukifungua, kikakataa. Nikajaribu tena, kikakataa. Nikasikia moto hapa." Akajigusa kifuani. "Nikasema, kama mimi sioni, basi na huyo anayefichwa asionwe. Programu ikaniuliza nina uhakika. Nikasema ninao."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumkaba, na kwa kuwa vyote viwili havikuwezekana kwa pamoja, nilikaa.

"Shemeji, kile si chumba cha mtu. Ndiyo mlango wenyewe. Kompyuta ikiamka inapitia pale kwanza, inauliza Windows iko wapi, Linux iko wapi, ndipo inawaita. Ulikuwa mlango wako na wake. Umeziba mlango wa nyumba nzima ukidhani umemfukuza mpangaji."

"Mlango?" Alionekana kama mtu aliyetukaniwa taaluma yake. "Nani anachora mlango bila kuandika kwamba ni mlango?"

Kabla ya kutengeneza chochote nilitaka kuhakikisha sauti ziko salama. Ukiingia kwa flashi, neno la siri la kawaida halikuzuii. Unafungua kipande kama anayeingia kupitia paa. Nikafungua cha dada. Yote yalikuwepo. Kabrasha la kitabu, sura kwa sura, mpaka ya mwisho. Nilipumua. Nikachomeka diski ya pembeni niliyokuja nayo, nikaanza kunakili kabrasha lile.

Lakini chini yake kulikuwa na kabrasha jingine, limeandikwa "Binafsi". Na Rula alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hilo," alisema.

"Hilo hapana."

"Uko ndani tayari, shemeji. Bonyeza mara moja tu. Nione kama kuna picha, basi. Kama hakuna, nitalala usingizi maisha yangu yote."

"Na kama kuna picha ya kiatu utaniuliza ni kiatu cha nani. Hapana. Mimi nimeingia kuokoa kazi ya mtu, sikuingia kumpekua."

"Wewe ni ndugu yake. Mimi ni mumewe!"

"Sawa. Basi ngoja nifungue upande wako kwanza, kwa flashi hiihii, nimwite dada aje akague. Unakubali?"

Akasita. "Upande wangu una ramani za wateja."

"Na nini kingine?"

"Na… ramani za wateja."

"Unaona! Mkuki kwa nguruwe."

Alinyoosha mkono kwenye kipanya. Nikainyanyua kompyuta na nyaya zake, nikahamia upande wa pili wa meza, mgongo ukutani. Akaketi mbele yangu. Kwa kuwa sasa hakuweza kuona kioo, alianza kuyasoma macho yangu.

"Umetabasamu."

"Sijatabasamu. Nasoma idadi ya mafaili."

"Umeona kitu."

"Nimeona sura ya kumi na mbili, minyoo. Unataka nikuitie mnyoo umhoji?"

Hakucheka. Aliweka mikono yake mikubwa juu ya kitambaa cha meza, halafu akasema, taratibu sana, "Sasa hata wewe umeingia mahali ambapo mimi siingii."

Niseme ukweli. Nilikuwa na hotuba tayari, yenye haki na uhuru na utu wa mwanamke, na bado naiamini yote, neno kwa neno. Lakini mtu aliyekuwa mbele yangu hakuwa hoja. Alikuwa mtu anayeumia, na anayeumia kwa kitu alichokitengeneza mwenyewe, jambo ambalo halipunguzi maumivu hata kidogo.

"Shemeji," nikamwambia, "nitaitengeneza. Lakini dada lazima ajue. Utamwambia wewe au nitamwambia mimi. Nakupa mpaka kesho asubuhi."

"Tukisema umeme?"

"Sisemi uongo kwa dada yangu."

"Utanivunjia nyumba."

"Mficha uchi hazai, shemeji. Leta chai."

Alileta chai, nikaanza kazi. Katika lile pengo nilitengeneza tena kipande kidogo, nikakiandaa na kukiwekea alama inayoiambia kompyuta kwamba mlango ni huu. Nikaingia tena upande wa dada, nikairudishia Linux kile kiamshi chake. Nikazima, nikachomoa flashi, nikawasha. Rula alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kompyuta ikaamka, ikaanza kuandika mistari yake, halafu ikakwama katikati. Ikasubiri. Ikasubiri. Mwisho ikatuangusha kwenye kioo cheusi cha dharura.

"Umeimaliza!" Rula akaruka. "Afadhali ningeiacha na mlango wangu uliozibwa!"

"Kaa chini. Inamngoja marehemu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila kipande cha diski kina namba yake ya utambulisho, na Linux ilikuwa bado imeandika kwenye orodha yake namba ya kile kipande cha zamani kilichofutwa. Ilikuwa inakingoja kije, kama mtu aliyepika akasahau kwamba mgeni alizikwa. Nikairudia orodha, nikafuta namba ya zamani, nikaandika mpya. Nikawasha. Safari hii ilifika mpaka ilipoomba neno la siri la dada.

Windows ilihitaji flashi yake yenyewe, nayo nilikuwa nayo. Amri moja ya kuirudishia mafaili yake ya kuamkia, kisha nikarudi Linux kuiambia imtambue mwenzake. Nilipowasha mara ya mwisho, ile orodha ya kuchagua upande ilitokea. Majina mawili, moja juu ya jingine.

Rula aliinama, akasoma. Badala ya kunishukuru, akasema, "Mbona wa kwake yuko juu?"

Nilimtazama mpaka akajicheka mwenyewe.

Dada aliingia jua likiwa bado halijazama, begi begani, viatu mkononi kwa sababu kimoja kilikuwa kimemkata kisigino.

"Mdogo wangu! Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kumtibu mgonjwa."

Akaitazama kompyuta. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa tayari ameshika kikombe cha tangawizi, kabla ya saa yake.

"Ilifanya nini?"

"Iligoma kuwaka," nikasema. "Sasa inawaka. Sauti zako zote zipo, na nakala nimekuwekea kwenye diski hii. Ilivyoharibika, anayejua ni mumeo."

Rula akafungua mdomo. "Umeme…" Nikakohoa. Akaufunga. "Nitakueleza kesho," akasema.

"Kesho?"

"Asubuhi."

Dada alichukua kikombe, akanywa, macho yake hayakumtoka usoni. "Haya," alisema. "Asubuhi si mbali." Kisha akavaa vipokea sauti vyake, akafunga mlango wa chumbani, na jioni nzima hatukusikia akicheka. Rula, ambaye kicheko kile kilikuwa kinamtesa, aliukaribia mlango ule mara kadhaa na kusimama, kama anayengoja kuteswa. Mimi nililala palepale sebuleni. Sikutaka mtu abadilishe maelezo yangu nikiwa sipo.

Asubuhi niliamshwa na maji ya bomba la uani. Nikatoka. Dada alikuwa amekwisha kufua, anaanika, amevaa tayari nguo za kazini. Muuguzi anayekaa chumba cha pembeni alikuwa kwenye ngazi yake anapiga mswaki. Rula akatoka na fulana, miguu mitupu, akasimama upande wa pili wa kamba, shuka lililolowa likiwa katikati yake na mkewe.

"Jana nilitaka kusema umeme," aliliambia shuka. "Si umeme. Ni mimi. Niliona kichumba kisicho na jina nikadhani ni chako. Nikashindwa kukifungua, nikakifuta. Kumbe ndiyo mlango wa mashine nzima. Kitabu chako kilikuwa kipotee."

Mswaki wa muuguzi ukasimama.

Dada alibana kibanio, akachukua kingine. "Ulikuwa unamtafuta nani humo?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

Rula akafikiri, na nilimwona akitafuta kwa dhati. "Yeyote," alisema.

Dada aligeuka kwangu. "Na wewe? Ulifungua vitu vyangu?"

"Nimenakili kitabu tu. Lile kabrasha jingine sikuligusa, na yeye hakuligusa."

Akaitikia kwa kichwa. Akaanika gauni lake la mwisho, akalinyoosha pindo. Kwenye beseni zilibaki nguo nyingine, zimefuliwa, hazijakamuliwa: mashati ya Rula, yote. Dada aliyatazama, akapangusa mikono, akaingia ndani. Alipotoka alipita katikati yetu, akafungua lango, akaenda.

Rula hakugeuka. Alikuwa anaogopa kugeuka.

"Kabeba begi gani?" aliniuliza.

"La kompyuta."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mabega yakamshuka. Akalisogelea beseni, akachuchumaa, akatoa shati moja, akaanza kulikamua kwa nguvu zote, maji yakimmwagikia miguuni.

"Shemeji, leo zamu imekufikia?" muuguzi akamtania, mdomo umejaa povu.

"Nimejipa mwenyewe," Rula akajibu. Akalitundika shati kwa kola, kichwa juu, jambo ambalo hata mimi najua kwamba halifanywi hivyo. Halafu akanisogelea, akashusha sauti.

"Lakini umesikia ile harufu, shemeji? Amejipaka marashi."

Nilimwonyesha beseni. Alisubiri kidogo, akalitazama lango, akarudi kwenye beseni kuchukua shati la pili.